Muuza Spika Aliyemtazama Mke Wangu Usoni

Mpaka leo nikimkumbuka yule muuza spika nabaki mdomo wazi. Mimi na mke wangu tulikuwa tunatafuta saundiba, ile spika ndefu ya kuweka chini ya televisheni, maana sebuleni kwetu filamu zilikuwa zinanong'ona tu. Muuzaji akawasha ya kwanza, akaiwekea kiganja kama mama anayempima mtoto homa, huku amemkazia macho mke wangu. "Hii hapana, shemeji, maneno yanakupotea." Kweli, yalikuwa yanampotea. Ya pili akaizima kabla hatujatia neno: "Besi imekuzidi." Ya tatu mke wangu akatabasamu, naye akaiacha ikiimba, akaenda kutufungia nyingine mpya. Nikasema moyoni, huyu ana masikio ya ajabu.

Alikuwa ametupa mgongo, ameinamia boksi, nilipomuuliza kuhusu waranti. Kimya. Nikapaza sauti. Kimya. Mara fundi wa duka akachomeka waya vibaya, na spika kubwa ya mlangoni ikapiga yowe la kupasua kichwa. Mke wangu akanirukia, mteja mwingine akadondosha simu. Muuzaji aliendelea kubandika selotepu taratibu, akiilainisha kwa kidole gumba.

"Hasikii kitu, kaka, mwaka wa sita huu," fundi akaniambia. "Anasoma midomo na nyuso."

Muuzaji akageuka, akatukuta tumetoa macho wote wawili. Akaitazama ile saundiba iliyokuwa bado inaimba.

"Nini tena?" akauliza kwa wasiwasi. "Inakwaruza?"