Michikichi Minne ya Mama Feza

Katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, Bulaimu alikuwa nyapara wa wakata miti huko Kabambare. Shoka alilizoea tangu ujana, na kazi haikumtisha. Lakini siku alipoambiwa afyeke kiwanja cha helikopta ya kubebea mawe ya wapima madini juu ya kilima, aliingiwa na aibu. Ukingoni mwa kiwanja ilisimama michikichi minne ya Mama Feza, mama wa mke wake.

Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumwambia amekuja kumkatia chakula chake. Tangu afiwe na mume, Feza aliishi kwa mawese ya michikichi ile. Basi Bulaimu akafyeka pande zote, upande ule akauacha, akijisingizia kunoa shoka.

Helikopta ikatua asubuhi. Piloti, Mbelgiji asiye na maneno mengi, aliitazama michikichi.

"Hii ikatwe yote."

Bulaimu akaweka shoka chini. "Bwana, iko ya mama mukwe wangu. Hakuna njia ingine?"

Piloti hakukasirika. Alitandaza chati juu ya pipa la mafuta, karatasi yenye mistari iliyopinda, akamweleza polepole. Hewa ya kilimani ni nyepesi, na jua likiipasha moto huzidi kuwa nyepesi. Panga za helikopta hukosa cha kushika. Akaweka kidole kwenye joto la mchana, akakisogeza hadi kwenye urefu wa kilima, kisha akasoma uzito.

"Muchana, na mawe yote ndani, siwezi kupanda wima. Nitakimbia chini chini kwanza, na miti iko mbele."

Akaanza upya, safari hii kwa baridi ya alfajiri.

"Alfajiri, na nusu ya mawe, naweza kupita. Lakini huu murefu wa katikati, hapana. Nafasi inayobaki ni ndogo sana."

Bulaimu akamtuma mkewe, Safi, apeleke habari. Feza akaja mwenyewe, akasimama mbali kidogo, uso ameugeuzia bondeni.

"Safi, umwambie mume wako: ule wa katikati ndio unazaa kuliko yote."

Bulaimu alitazama miguu yake mwenyewe, na Feza akaendelea:

"Lakini nilisikia minne yote inakwenda. Akate. Ngazi zake, matunda ya mawese, muniletee zote."

Bulaimu aliukata mwenyewe, akauangusha upande wa bondeni usije ukaivunja mingine.

Kesho yake, umande haujakauka, helikopta iliinuka taratibu, ikapita juu ya makuti bila kuyagusa. Mawe yaliyobaki yalishuka vichwani mwa wapagazi, nao walimnung'unikia Bulaimu njia nzima.

Jioni Safi alirudi kutoka kwa mama yake na kibuyu cha mawese ya kupikia sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa.

"Amesema nini?" Bulaimu akauliza.

"Hakusema kitu. Amesema tu wewe ule sombe pamoja na watoto."