Mti wa Mama Mkwe

Shemeji yangu ni kinyozi, na mikono yake haijui kutulia. Akiona uzi unaning'inia kwenye shati la mtu asiyemjua, anaukata. Akiona pindo la pazia limekwenda upande, anatafuta mkasi. Dada yangu, mkewe, ni fundi cherehani, na mkasi wake wa vitambaa anaufungia kwenye droo. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kuhusu miti walikaa kimya, na hapo ndipo shemeji alipopata upenyo.

Mti wenyewe ulitoka kwa mama. Mbele ya nyumba yake palikuwa na tarumbeta la malaika, ule mti wa maua marefu yanayoning'inia vichwa chini na kuanza kunukia jua likizama. Mama akimaliza kazi alitoa kigoda chake akakaa chini ya mti, na ole wako umsumbue au umwite kabla hajashiba ile harufu. Alipofariki nyumba ikauzwa, na mwenye nyumba mpya akaufyeka mti ili apate pa kuegesha gari. Dada alifika kazi imeshaisha. Aliokota kijiti kimoja kwenye takataka, akakichomeka kwenye ndoo mbovu nje ya chumba chake cha kushonea. Kigoda alikifunga nailoni akakiweka juu ya kabati.

"Hakishuki hapo mpaka mti utoe ua," alisema.

Mimi nikimkumbuka mama hulia, dada hushona.

Kijiti kilishika, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kupanda hata kitunguu. Tulijifunza kwa kukosea. Mti ule ni mlafi: asubuhi umekunywa ndoo ya maji, mchana majani yamelegea utadhani una njaa ya mwaka. Ukipewa samadi unanenepa, ukinyimwa unanuna. Baridi ilipoingia ulipukutisha majani yote na dada akakosa usingizi. Lakini baridi ya kwetu ni ya kuvalia sweta tu, haiui kitu. Joto liliporudi, ukachipua upya kwenye kijiti kilekile, nasi tukafurahi kama mtoto amefaulu mtihani.

Shemeji akajitwisha kuutunza. Kila ulipomfika kifuani ulianza kugawanyika juu, na yeye hapendi kitu kinachokwenda huku na huku. Akaupunguza. Ukaota, ukagawanyika tena, akaupunguza tena.

"Mwacheni fundi afanye kazi," alituambia. "Utasimama kama askari huu."

Siku moja akapangusa jicho kwa vidole vyenye utomvu. Mboni ikatanuka kama ya paka gizani, naye, kwa ubishi wake, akaenda kazini hivyohivyo. Akamnyoa mwalimu mmoja kichwa kikabaki na mlima upande wa kushoto. Daktari ndiye aliyetueleza kwamba mti ule ni sumu kuanzia mzizi hadi ua, kwa hiyo watu wanawe mikono na watoto wasiuchezee. Dada hakutaka kuutupa, ila alitoa amri: matawi yanayokatwa yasibaki uani hata dakika. Basi kila alichokata shemeji alikibeba hadi kazini kwake, akakitupe huko.

Miaka ikapita. Mti mnyoofu, majani makubwa kama sahani, ua hakuna hata la dawa. Watoto wa dada walishaacha kuuliza. Jioni moja dada alizima cherehani akautazama mti.

"Labda niliokota kijiti cha mti mwingine," alisema. "Labda wa mama uliisha palepale."

Hilo liliniuma kuliko msiba wenyewe.

Halafu akaja muuza miche kupimwa gauni. Mikono ikiwa juu, futi ya kitambaa kiunoni, akauona mti dirishani.

"Dada, nani anaunyoa mti wako?"

"Kinyozi," nilidakia.

Alicheka mpaka futi ikadondoka. Kisha akatuonyesha makovu kwenye shina, moja juu ya jingine. Mti huu, alisema, hupanda kwanza wima bila ua lolote, halafu hugawanyika mara mbili kama panda ya manati. Maua huanzia pale kwenye panda kwenda juu. Ukiikata panda, umeuambia uanze upya.

"Na vile vichwa vilivyokatwa?" dada aliuliza polepole.

"Hivyo ndivyo vyenye haraka. Ukivichomeka vinatoa maua vikiwa bado vifupi. Mlivipeleka wapi?"

Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anaingia kunywa chai ya jioni. Alipoelezwa alikaa kizingitini.

"Kupotea njia ndiko kujua njia," alijaribu.

"Wewe hukupotea njia, baba watoto. Uliikata," dada alimwambia. "Ulivitupa wapi?"

"Sikuvitupa vyote. Mzee Gundi alitaka fito za uzio."

Mzee Gundi ni fundi viatu aliyejibanza nyuma ya banda la kunyolea la shemeji, pale yanapoishia maji ya kuoshea vichwa. Shemeji alikuwa amelipigilia misumari dirisha la upande huo kwa sababu ya harufu ya gundi, na mbele kwake kunanuka poda na spiriti, kwa hiyo pua yake ilishastaafu. Tulikwenda sote jua likiwa linashuka. Dada alitangulia, sindano bado kifuani.

Kabla hatujakata kona, harufu ilitufikia. Dada akasimama akanishika mkono kwa nguvu.

Uzio mzima ulikuwa umechipua. Vijiti vifupi, kila kimoja na panda yake, na maua yakining'inia mpaka yanagusa vichwa vya viatu vilivyopangwa chini.

"Yamefunguka juzi tu," Mzee Gundi alisema baada ya kuitikia shikamoo zetu. "Nilimwambia kinyozi fito zake zimeota. Akadhani nataka anipunguzie bei."

Nilirudi mbio nyumbani kwa dada, nikaichana nailoni kwa meno, nikaleta kigoda. Dada alikaa. Alilia na kucheka kwa pamoja, na mimi, mtaalamu wa kulia, siku hiyo nilicheka tu.

Shemeji alisimama pembeni, mikono imezama mifukoni.

"Kumbe miaka yote nilikuwa namkata mama mkwe," alisema.

"Na yeye hakukukasirikia," dada alimjibu, amefumba macho. "Angekukasirikia, asingeota."

Mzee Gundi akaomba tumpishe kidogo, kigoda kimekalia soli za mteja. Dada hakusogea. Shemeji aliingia ndani ya banda lake, na baada ya muda tukamsikia anang'oa misumari ya dirisha.