Maji ya Mjohoro

Nilipohamishiwa Kasulu kutoka Mtwara, kituo chetu cha afya kilikuwa na kila kilichokuwamo kwenye ramani isipokuwa kivuli. Wajawazito walikaa kwenye benchi la zege, jua likiwachoma utosini, vumbi jekundu likiwapanda hadi magotini. Siku mama mmoja alipozimia kwenye foleni, nilimwendea mganga mfawidhi nikamwomba turubai.

"Fungu hilo halipo," akasema.

"Basi nipande miti?"

"Miti nayo haina fungu." Nikaichukua hiyo kuwa ruhusa.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilipanda mijohoro sita. Kiangazi kilipoingia ndipo nikagundua kuwa habari ya maji sikuifikiria. Bomba letu lilitoa maji siku lilipojisikia. Nikatunga sheria ambayo hakuna aliyenipa mamlaka ya kuitunga: kila mwanaume anayemsindikiza mkewe kliniki aje na dumu la maji. Wale waliozoea kujibanza nyuma ya ukuta na simu zao sasa walikuwa na kazi. Mmoja aliniuliza kama mkewe anatarajia kujifungua mtoto au mti.

Mwanaume mmoja wa Heru Juu hakuuliza kitu. Alikuja kwa baiskeli, mkewe nyuma, dumu likining'inia kwenye usukani. Alichagua mjohoro wa karibu na geti, akawa anaumwagilia taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa uji. Ilikuwa mimba yao ya kwanza.

Mtoto alizaliwa bila kupumua. Nilikuwa zamu. Tulifanya yote tuliyofundishwa, kisha tukaacha. Nilitoka nje kumwambia baba yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza mkewe anaendeleaje, akanyoosha mikono apewe mtoto. Nikasema, "Pole, baba." Ndilo neno pekee nililokuwa nalo.

Wiki iliyofuata, siku ya kliniki, alikuja peke yake na dumu lake.

"Baba, wewe sheria haikuhusu tena," nikamwambia, na papo hapo nikatamani ardhi inimeze.

"Najua, sista," akasema. "Ila mti haujui."

Akamwagilia, akapanda baiskeli, akaondoka. Alikuja hivyo kiangazi kile chote, na kilichofuata. Hatukuzungumza sana. Mimi nilijifunza kumpokea dumu, yeye akajifunza kuniamkia kabla sijamwamkia.

Mijohoro mingine haikubahatika. Mbuzi walikula miwili, gari la wagonjwa likarudi nyuma likaumaliza wa tatu, miwili ikakauka bila kutoa sababu. Ukabaki wa getini. Mwaka wa nne wanawake walilihama benchi wenyewe, wakatandika kanga zao chini ya mti. Hakuna aliyezimia tena kwenye foleni, jambo ambalo halikuingia kwenye ripoti yoyote kwa sababu ripoti haina sehemu ya mambo yasiyotokea.

Mwaka huohuo alikuja na mkewe nyuma ya baiskeli. Akasimama mbele ya wale waliokaa kivulini.

"Akina mama, samahani. Naomba msogee kidogo, na huyu akae."

Wakasogea. Hawakujua ni nani. Mimi niliingia ndani kutafuta kadi ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Safari hii alizaliwa msichana, akalia kwa nguvu hadi mganga mfawidhi akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Siku walipomleta kwa chanjo, walikuta mganga mfawidhi amegongelea kibao kwenye mjohoro. Kiliandikwa TUNZA MITI, na kilishikiliwa na misumari minne mirefu. Baba yule alikisoma mara mbili. Akanipa mtoto, akaazima koleo kwa dereva wa gari la wagonjwa, akang'oa msumari mmoja mmoja, kisha akakiegemeza kibao ukutani. Misumari akaipeleka ofisini.

"Mheshimiwa, misumari yako hii."

Mganga mfawidhi alichungulia dirishani, akanitazama mimi. Nilikuwa napima uzito wa mtoto.