Sauti Iliyobaki Mlangoni

Juzi fundi alikuja kuniwekea intaneti nyumbani. "Mawimbi ya masafa ya juu yana kasi, ila ukuta unayashinda," alisema. "Ya chini yanapenya, ila kasi yake ni ndogo." Niliitikia kwa kichwa, lakini masikio yangu yalikuwa kijijini kwetu Makere, utotoni, kwenye mvua.

Nyumba yetu mpya ya matofali ya kuchoma na bati ilikuwa bado inanuka saruji. Redio ilisikika mpaka chumba cha ndani, lakini simu ya mama ilinyamaza kila ilipovuka kizingiti. Nilidhani watu wa redio hawana adabu, wanaingia bila hodi, na wa kwenye simu wanasubiri kukaribishwa.

Mchana mmoja redio ilisema watu wanaikimbia Burundi. Mama alikuwa uani anaanua maharage, simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, huko Burundi.

"Dada, tunakaribia Mabamba, hapo mpakani, watoto ninao..."

Mvua ikashuka. Mama akakimbilia ndani, simu sikioni, na sauti ikakatika. Akatoka tena, akaita "Halo! Halo!" mpaka kitenge kikamganda mwilini. Tangu siku hiyo mama mdogo hakupiga tena, wala hatukumwona.

Mama akiwa bado anaita mvuani, mimi niliufungua mlango wote. "Karibu, mama mdogo, ingia tu." Maji yakaingia hadi kwenye maharage yaliyokwisha kuanuliwa. Nilipomwona mama anarudi nikaanza kuufunga haraka, nikijua nitachapwa.

"Uache wazi," akasema.

Sasa najua ni bati na matofali yaliyoikata sauti ile. Hata hivyo, fundi alipoondoka, sikuufunga mlango.