Mchoma Kuku Anayeuliza Mara Mbili

Mchoma kuku wa mkahawa wa Kireno ulio karibu na kanisa letu huuliza kila mteja mara mbili. "Pilipili kidogo, au kali?" Ukisema kali, anaweka brashi chini na kukutazama usoni: "Kali ya kuonja, au kali ya kulia?" Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. Vidole vyake vimeiva wekundu kwa mchuzi wa pilipili, na jicho likimwasha hulipangusa kwa bega. Kila kuku anayemtandaza juu ya makaa humpigapiga mgongoni, kama anambembeleza alale.

Jumapili hii, nilipoingia hapo na binti yangu tukitoka ibadani, bwana mmoja aliyekuja na wakwe zake alimjibu mchomaji kifua mbele: "Ya kulia! Mimi mtoto?" Alipong'ata tu, machozi yakamtoka, akapiga meza. "Huyu anataka kuniua! Mfukuzeni!" Msimamizi akaja mbio, na bila kuuliza lolote akamwamuru mchomaji avue aproni aende zake. Mchomaji akaanza kufungua kamba. Mungu anisamehe, damu ilinichemka. "Aliulizwa mara mbili, nimesikia kwa masikio yangu!" Msimamizi akacheka. "Mama, pilipili usiyoila yakuwashiani?" Nikanyoosha mkono kwenye sahani ya yule bwana, nikamega paja, nikalitafuna mbele ya wakwe zake hadi ulimi ukawaka moto. "Haya, mwanangu, nimeila," nikamwambia msimamizi. "Sasa inaniwasha. Mwache afunge aproni yake."