Miguu Isiyopiga Magoti

Mama mkwe wangu alifika Kamina kwa treni ya Bukama katika miezi ya baridi, akiwa na kapu la samaki wakavu wa Mulongo na hamu ya kumwona mjukuu wake wa kwanza. Nilikuwa nimemngoja kwa hofu wiki mbili nzima. Si kwa ajili ya ukali wake, ingawa ukali alikuwa nao wa kutosha na wa kugawia majirani. Nilimwogopa kwa sababu ya magoti.

Kwetu Waluba mke hamsalimu mama mkwe akiwa amesimama. Unapiga magoti asubuhi, unapiga magoti ukimpa maji ya kunawa, unapiga magoti ukimwekea bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Mimi nilisoma shule ya misheni ya Wamethodisti, nikaolewa na karani wa reli, nikajua kunyoosha kola ya shati kwa pasi ya makaa, lakini kwa jambo hilo sikuwa na ubishi. Nilifundishwa kupiga magoti kabla ya kufundishwa kusoma. Shida yangu ilikuwa chini ya magoti, kwenye miundi.

Mambo yalianza baada ya koo kuniuma siku chache, koo la kawaida la vumbi na baridi. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikalisahau. Kisha asubuhi moja nikaona kinundu mbele ya muundi wa kulia, chekundu, cha moto, kikubwa kama yai la njiwa. Nikadhani nimejigonga kitandani. Kesho yake vilikuwa vitatu. Kufikia Jumapili vilikuwa tisa, miguu yote miwili, na kikwembe nilichojifunga kiunoni kikivigusa tu nilisikia maumivu mpaka kwenye meno.

Mimi si mtu wa kukaa kimya na swali. Nilivihesabu asubuhi, nikavihesabu mchana, nikavihesabu sombe ikiungua jikoni. Nilivikanda kwa maji moto. Nikavipaka mawese. Nikavifunga majani aliyonipa jirani, ambaye nilimdanganya kwamba ni ya goti la mume wangu, na jirani akawa anampa mume wangu pole kila akipita. Vinundu havikujali.

Nitasema nilichokuwa nakiogopa. Ukutani shuleni kwetu palikuwa na picha ya mtu mwenye vinundu, na chini yake neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa: ukoma. Miaka sita niliketi mbele ya picha ile. Mkoma mwenyewe sikuwahi kumwona kwa karibu, maana waliogundulika walipelekwa kwenye kambi yao mbali na mji. Na mama aliyepelekwa hakwenda na mtoto wake. Kila mwanamke wa makambi ya reli alilijua hilo. Mwanangu alikuwa na miezi minne.

Nilikwenda dispanseri mara tatu. Mara ya kwanza nilitoka kwenye mstari zamu yangu ilipokaribia. Mara ya pili nilisema kichwa kinaniuma, nikapewa kwinini, nikaimeza kwa hasira. Mara ya tatu nilimwambia anfirmie, muuguzi wa pale, kwamba dada yangu wa kijijini ana vinundu miguuni, je, ni ugonjwa gani?

"Dada yako iko wapi?"

"Kabondo-Dianda."

"Basi alete miguu yake hapa siku ya Alhamisi, doktere atakuya. Minyi siwezi kuangalia miguu ya muntu wa Kabondo ndani ya kinywa ya dada yake."

Nilirudi nyumbani nimenuna, na tangu siku hiyo nikaacha kuuliza, nikaanza kuficha. Mume wangu alivaa kaptura kwenda ofisini, na soksi ndefu za kufika magotini, kama makarani wote wa wakati ule. Nikachukua jozi yake ya kijivu, nikaivaa chini ya kikwembe. Nilimwambia ni baridi. Alikuwa mtu mwema asiyeona mambo. Aliuliza tu kama soksi zitakuwa zimefuliwa kufikia Jumatatu.

Basi mama yake alipofika, nilimsalimu nikiwa nimesimama. Niliinama, nikapiga makofi ya heshima, macho chini, lakini magoti hayakugusa ardhi. Siku ya kwanza alinitazama tu. Siku ya tatu alizungumza na ukuta, kwa sababu mama mkwe akikasirika huwa na mazungumzo marefu na kuta.

"Bibi ya mujini anavaa soksi ya bwana yake. Anasalimia sawa askari ya Base."

Base ilikuwa kambi kubwa ya jeshi nje kidogo ya mji. Niliona heri aniite mwenye kiburi kuliko aniite mkoma. Leo nikikumbuka naona haya, maana wazee walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliwasikia vizuri na nikaendelea kuficha.

Lililonivunja moyo ni mtoto. Niliacha kumbeba mgongoni. Niliacha kulala naye, nikamkabidhi kwa bibi yake, nikimchukua kumnyonyesha tu, na hata hapo nilinawa kwanza kwa sabuni mpaka mikono ikapasuka, kisha nikatandika kitambaa kati ya ngozi yangu na yake. Akilia, nilizunguka. Nilitoka uani, nikarudi sebuleni, nikapanga upya vikombe vilivyokuwa vimepangwa. Nilimpenda, na nilimkimbia.

Siku ya tisa asubuhi, mume wangu akiwa kazini, nikamkuta mama mkwe anafunga mzigo wake.

"Minyi narudia Mulongo," akasema. "Kunikatalia magoti, ile nitavumilia. Lakini mama mwenye kuogopa kugusa mutoto yake, ule njo siwezi kuangalia. Nitaenda naye. Atakunywa uji."

Nilijitupa chini kumwomba. Sikufikiri. Miundi ikagonga saruji, nikapiga yowe, nikapinduka ubavu kama kuku aliyechinjwa. Alishtuka. Kisha akashika soksi ya mwanawe na kuivuta, moja, halafu ya pili, na mimi sikuwa na nguvu za kumzuia.

Alivitazama vinundu muda mrefu. Nikasema haraka haraka asimwambie mtu, tafadhali, wasije kunichukua, kwamba mtoto nimemwosha kila siku, kwamba sijamgusa bila kitambaa. Nilisema neno lenyewe, ukoma, kwa mara ya kwanza kwa sauti.

Hapo mama mkwe wangu akapiga magoti. Mbele yangu, juu ya saruji, yeye aliyenizidi umri mara mbili na nusu. Akaweka kidole gumba juu ya kinundu kikubwa.

"Inaluma?"

"Inaluma sana, mama."

Akabonyeza. Nikalia.

"Sikia," akasema. "Mudogo yangu alikuwa nayo, ile ukoma. Siku moja alikuwa anapika, muguu yake ikaingia mu moto. Sisi njo tulisikia harufu. Yeye alikuwa anaendelea kuimba. Balimubeba, balimupeleka mu kambi yabo. Kama alilia siku ile, tungecheka. Ile ugonjwa hailumi, mutoto yangu. Ya kwako inaluma. Lia."

Akavibonyeza vyote. Vilikuwa vimefika kumi na vinne, na nililia mara kumi na nne, na kila nikilia uso wake ulizidi kulegea. Jirani wa majani akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

"Tunasalimiana," mama mkwe akamjibu.

Kisha akamchukua mtoto, akaniwekea kifuani bila kitambaa.

Alhamisi tulikwenda dispanseri wote watatu. Doktere alinifumbisha macho, akanigusa miguu kwa pamba, kisha kwa sindano, nami nikaonyesha kila mahali alipogusa. Akasema si ukoma. Nikamwuliza ni nini basi. Akaandika neno refu kwenye daftari lake na kuita mgonjwa mwingine. Mpaka leo sijui neno lile lilikuwa nini, na bado linanikera. Nikitoka, anfirmie akaniuliza habari za dada yangu wa Kabondo. Nikamwambia amepata nafuu.

Mama mkwe alifungua mzigo. Alinikataza kupiga magoti, na wageni walipokodoa macho aliwaambia, "Minyi njo nimekataza." Badala ya salamu, kila asubuhi nilinyoosha miguu kwenye mkeka naye akabonyeza, na mimi nikalia, na siku yetu ikaanza. Vinundu vikatoka wekundu kwenda zambarau, vikaenda rangi ya jeraha la zamani.

Asubuhi moja akabonyeza, nami sikusikia kitu.

Tulitazamana. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Hakuna. Mtoto alikuwa mapajani mwangu akivuta ushanga wangu, na mimi nikaiona tena ile picha ya ukutani shuleni. Hatukuwa tumewaza hata siku moja kwamba kupona nako hakuumi. Nikajua mama mkwe anasikia harufu ya ule moto uliomwunguza mdogo wake. Ghafla akanifinya muundi kwa kucha, akazungusha kama anayechuma sombe.

Nikampiga mkono. Kofi la kweli, lenye mlio. Kwetu mke hamgusi mama mkwe hivyo hata kwa bahati mbaya, ndoa zimevunjika kwa madogo kuliko hilo. Nilibaki na mkono hewani, sijui niuweke wapi.

Yeye aliutazama mkono wake ulioanza kuvimba, kisha akaushika kifuani.

"Aksanti, mutoto yangu," akasema. "Imekuluma. Aksanti."

Akageukia mlango ili nisimwone akilia. Nikampa mjukuu wake, nikapiga magoti, nikamsalimu.