Risasi ya Pili Kwenye Uzio

Jina lake la kitambulisho hulitumia mkewe tu, tena akikasirika. Wengine wote humwita Breki, kwa sababu kazi yake ni kuwasimamisha watu wenye haraka. Kwa miaka kumi na minane amewaongoza wageni wa tajiri wake kuwinda nguruwe pori wanaofukua viazi shambani. Hajawahi kumpoteza mgeni hata mmoja, ingawa anakiri wapo aliotamani wapotee.

Msimu uliopita wageni watatu walimlalamikia tajiri kwamba Breki anawafokea kama watoto wa chekechea. Tajiri akamwambia, "Lalamiko la nne likija, tafuta pengine pa kufokea watu." Breki ana miaka hamsini na miwili na hajui kazi nyingine.

Mgeni aliyefuata alikuwa shemeji wa tajiri, daktari wa meno, mwenye buti mpya na bunduki ya wenzo. Risasi hukaa foleni ndani ya bomba. Ukisukuma wenzo, yaani chuma cha chini, mbele, moja inatoka, ukikirudisha, nyingine inaingia. Breki akajikaza asiseme neno mpaka wote watatu, tajiri akiwemo, walipofika kwenye uzio wa waya. Hapo sheria ni moja: risasi zote zitolewe, wenzo uachwe wazi, ndipo mtu avuke.

Daktari akasukuma wenzo. Risasi ikaruka nje. Akaufunga.

"Haya, tupu."

Tajiri alikuwa ameshainama katikati ya nyaya, makalio yakiutazama mtutu.

"Daktari, fungua tena," Breki akasema.

"Si umeiona ikitoka?"

"Nimeiona iliyotoka. Iliyoingia je?"

"Wewe bwana, mimi nang'oa magego ya watu, nitashindwa na kichuma hiki?"

"Gego ukiling'oa, daktari, jingine haliingii hapo hapo."

"Shemeji! Huyu mtu wako hana adabu kabisa!"

Ndilo hilo, lalamiko la nne. Breki angeweza kunyamaza. Badala yake aliishika bunduki, akauinamisha mtutu ardhini, akasukuma wenzo. Risasi ikaruka, ikamgonga tajiri kisigino. Akasukuma tena, na tena. Zikatoka tano.

Tajiri akageuza shingo, suruali imenaswa kwenye waya. Akazitazama risasi, kisha akatazama mahali daktari alipokuwa amesimama.

"Shemeji," akasema mwishowe, "lalamiko lako nimelisikia. Sasa mwachie bunduki, upite mbele yangu, na akikufokea, itika."